Mita 18 za minazi: uchambuzi wa mazoezi ya upinde kabla ya msimu wa kulungu

Kisa hiki ni cha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Wisconsin, Marekani. Msimu uliopita alimkosa kulungu aliyesimama ubavu, ametulia, kwa umbali ambao mazoezini alikuwa akiupiga bila wasiwasi. Mshale ulipita chini ya kifua ukajichimbia kwenye majani makavu. Kulungu akaenda zake, mpwa akabaki juu ya mti. Maelezo aliyojipa ni yale wanayojipa wengi: moyo ulikwenda mbio, mkono ukamsaliti. Alipokuja Tanga likizo ya Julai na Agosti alikuja na upinde wake na maelezo yake yaleyale, na hakuwa na muda wa kuchezea, maana msimu wa upinde kule hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 15 Septemba.

Mimi nimefundisha michezo sekondari kwa miaka mingi, mkuki na tufe zaidi. Upinde siuvuti, bega la kulia lilistaafu kabla yangu. Lakini mtu anayefanya vizuri mazoezini na kuharibu siku yenyewe ni mgonjwa ninayemjua vizuri, na nimeona moyo ukisingiziwa makosa mengi ambayo hayakuwa yake. Kwa hiyo nilimwambia: maneno ya moyo tuyaweke kando kwanza, tuutafute ule mshale uliopita chini. Tukiweza kuurudia hapa, mbele ya macho yetu, tutajua ulikosea wapi.

Upinde na gunia

Upinde wake ni wa jadi, wa mbao na faiba, unaofunguka vipande vitatu ukaingia kwenye begi. Hauna magurudumu, hauna alama ya kulengea, hauna kitu cha kumpunguzia mvutaji mzigo. Upinde wa magurudumu ukishavutwa hadi mwisho, mtu hubaki ameshika sehemu ndogo tu ya uzito wake, anaweza kutulia na kulenga. Huu wa jadi kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kulemea, na pale mwisho, unapotaka utulivu, ndipo unapokulemea zaidi. Wa mpwa wangu ukivutwa hadi mwisho una mzigo wa paundi 45. Sheria ya Wisconsin inataka upinde wa kulungu usipungue paundi 30, kwa hiyo nguvu haikuwa tatizo. Cha kuangalia ni kasi: mshale wake mzito huenda mita 50 hivi kwa sekunde, wakati ule wa upinde wa magurudumu unaweza kufika 90. Namba hizo mbili zishike, zitarudi.

Kabla ya safari aliuliza shirika la ndege na watu wa forodha, na akaja na ncha butu za mazoezi tu. Chembe zenye makali, yaani ncha za kuwindia, aliziacha kwake. Alifanya vyema. Hapa nyumbani kuwa na upinde mkononi hakukupi ruhusa ya kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na kwenye vichaka vya upande wetu wapo paa wa kumtia mtu majaribuni jioni. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kitakachopigwa ni gunia, basi. Mwenyekiti wa kitongoji akaarifiwa, majirani wakaambiwa, mbuzi wakafungwa upande wa pili, na gunia halikuwekwa popote pasipo na kichuguu au ukingo wa udongo nyuma yake.

Shamba lenyewe ni la minazi, aliloliacha marehemu baba yangu, barabara ya Pangani kabla hujafika Tongoni. Gunia tulilishindilia mabaki ya singa kutoka korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Kwa kazi hii mkonge hauna mpinzani: singa huushika mshale bila kuuvunja, na ukiuchomoa tundu linajifunga lenyewe. Hata vile vibao vya duara vya kurushia vishale kwenye baa za Uingereza hutengenezwa kwa singa za mkonge. Na mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893 ukitokea Florida, kwa hiyo upinde na gunia vyote vilikuwa vimetoka ng'ambo ileile ya bahari.

Siku ya kuonesha uwezo wake, nilikaa kitako nikatazama. Kwa mita 18, umbali anaoupenda, mishale ilijazana kwenye eneo la kisahani cha chai. Kwa mita 27 ilitawanyika, ila mingi ilibaki gunia. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma na haukumsumbua sana. Kwa kutazama tu ungesema kijana yuko tayari, na yeye alishatangaza kwamba mwaka huu mpaka wake wa kupiga ni hiyo mita 27.

Safu

Kilichonivuta si mishale, ni macho yake. Kila alipobadilisha mahali pa kusimama alitazama minazi kwanza, halafu gunia. Minazi ya pale imepandwa kwa safu, mita 9 toka mnazi hadi mnazi, kama mabwana shamba wanavyoelekeza. Nafasi mbili ni mita 18. Nafasi tatu ni mita 27. Mpwa wangu hakuwa anakadiria umbali wowote. Shamba lilikuwa linamsomea. Nikamuuliza huko kwake anafanyaje. Akasema uani amechomeka vijiti, cha yadi 10, cha 20, cha 30. Ukizigeuza yadi 20 kuwa mita unapata 18 na ushei, na yadi 30 ni mita 27 na ushei. Ni minazi ileile, tofauti haizai nazi.

Msitu wa Wisconsin hauna safu wala vijiti. Kwa hiyo tukahama.

Kona ya kusini ya shamba minazi mingi ilishakufa na haikupandwa mingine. Pamebaki mwembe mmoja mkubwa, mikorosho iliyojiotea, vichaka, na ardhi inayoteremka kuelekea korongo. Nikaweka sharti: kabla hajagusa ugwe, ile kamba ya upinde, aseme umbali kwa sauti, mimi niandike, apige mshale mmoja tu, kisha tepu ipite. Mara ya kwanza gunia lilikaa nyuma kidogo ya mkorosho, na kati yake na mpigaji palikuwa na kibonde kilichofichwa na majani. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema, “Kumi na nane.” Akavuta, akatulia, akaachia. Mkono haukutetemeka, nilikuwa nautazama. Mshale ukapita chini ya gunia ukajichimbia.

Tepu ikasema 23.

Akaenda kuutazama ule mshale ulivyosimama udongoni, akauzunguka, hakuung'oa. Aliporudi akasema, “Mjomba, ndivyo ulivyokaa.” Nikamwelewa. Tulikuwa tumempata mgonjwa wetu, na moyo haukuwepo hata mlangoni.

Hesabu yake haina uchawi. Kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde mshale unatumia sekunde 0.36 kufika mita 18, na katika muda huo unashuka sentimita 63 hivi chini ya mstari ulioelekezwa. Mpigaji hahesabu hayo. Jicho na mkono vimezoea kuinua upinde kiasi kinachotakiwa. Lakini vimezoea kwa mita 18. Akiinua kwa 18 na kitu kiko 23, mshale unafika sentimita 22 chini ya alipopataka. Sehemu ya kulungu inayoua haraka, yaani moyo na mapafu, ni duara lenye upana wa sentimita 20 hivi. Kutoka katikati hadi ukingoni una sentimita 10 tu za kukosea. Mita 5 za makadirio mabaya zimekutoa nje mara mbili. Ungekuwa ule upinde wa magurudumu wa mita 90, kosa hilohilo lingeshusha mshale sentimita 7, na kulungu angelala palepale. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini ushauri wa rafiki zake wa kule haumfai. Wao ni waungwana na wanasema kweli, ila wanasema kweli ya upinde mwingine.

Geuza hesabu kwa umbali wa karibu uone. Akidhani ni mita 10 kumbe ni 13, mshale unashuka sentimita 8 zaidi. Bado umo ndani ya duara.

Tuliendelea na mchezo huo wa kutaja na kupima, gunia likihamia nyuma ya kichuguu, chini ya mwembe, ng'ambo ya korongo. Picha ikajichora bila kulazimishwa. Chini ya mita 15 alikosea kwa mita 2 au pungufu. Kuanzia 20 kwenda juu alikuwa anabahatisha, na palipokuwa na kibonde kisichoonekana chini yake aliona kitu kiko karibu kuliko kilivyo. Jicho la binadamu lina kawaida hiyo: ardhi ikifichwa, linaruka umbali wake. Naye yule kulungu wa msimu uliopita, nilipomhoji zaidi, alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito.

Juu ya mwembe

Wawindaji wa kule hukaa juu ya mti, mita 4 hadi 6 kutoka ardhini, ili harufu na mwendo wao usimfikie mnyama kirahisi. Mkwezi wetu akatufungia jukwaa la mbao kwenye panda la mwembe, kama mita 5 hivi. Yeye hupanda minazi kwa kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, kwa hiyo alicheka sana alipoona mkanda wa usalama wa mpwa wangu wenye buckle za kila aina. Mimi sikucheka. Kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa ajali zinazowaumiza zaidi wawindaji wa kulungu Marekani. Mkanda ukafungwa kabla ya kitu kingine chochote, na upinde ukapandishwa kwa kamba baada ya mtu kukaa.

Mambo mengine ya juu ya mti aliyajifunza upesi, na sitayakalia. Kupiga kwenda chini kunataka mtu apinde kiuno na kuacha mabega na mikono kama alivyosimama ardhini. Yeye aliteremsha mkono tu, umbo likavunjika, mshale ukaenda juu. Akarekebisha. Ncha ya chini ya upinde ikagonga goti alipopiga ameketi. Akajifunza kuulaza upinde pembeni. Koti la baridi alilolileta makusudi, maana Novemba kule ni theluji, alilivaa juu ya mwembe kwenye joto letu, watoto wa jirani wakapata sinema ya bure. Mkono wa koti ukadaka ugwe, mshale ukaangukia karibu. Dawa ni kibana mkono cha ngozi juu ya koti. Somo la dakika moja kwa jasho la saa nzima.

Kijitawi nacho kina hesabu yake. Mshale wa jadi hauendi moja kwa moja, unapanda kisha unashuka. Kwa mita 18, katikati ya safari unapita sentimita 16 hivi juu ya mstari wa kutoka mkononi hadi shabaha. Ukitazama gunia ukaona njia nyeupe, bado tawi lililo juu kidogo linaweza kuudaka. Lilimdaka. Siku hizi anaangalia njia ya mshale, haangalii njia ya jicho.

Kuna suala la duara. Gunia lake la kwanza lilikuwa na duara jeusi katikati, la kupendeza. Nililigeuza upande usio na kitu, duara likabaki nyuma, nikalishonea kipande cha godoro kuukuu lipate tumbo na kifua. Mara moja mishale ikaanza kujaa katikati ya mwili mzima, yaani tumboni. Mtu akikosa doa la kulitazama hutazama kitu chote, na mshale hufuata jicho. Kulungu aliyepigwa tumbo hufa polepole na mbali, hilo mpwa wangu hakuhitaji kuambiwa na mimi. Tukamzoesha kuchagua singa moja iliyochomoza nyuma ya bega, singa moja kweli, na kuitazama hadi mshale ufike. Halafu tunageuza gunia na kuangalia duara la nyuma linasemaje.

Kusubiri

Zoezi lililofundisha zaidi ndilo lililokuwa la kuchosha zaidi, na nadhani ndiyo maana wachache hulifanya. Mshale mmoja kwa asubuhi nzima. Anapanda mwembe alfajiri, anakaa. Gunia limetundikwa kwenye waya kati ya miti miwili, limefichwa na mkorosho, na kamba ya kulivuta ninayo mimi, mbali nyuma ya mpigaji. Nitalivuta nikitaka. Naweza kulivuta baada ya dakika chache, naweza nisilivute kabisa. Na likitokea, linapita kwenye uwazi mmoja, linasimama kidogo, linaendelea.

Kuna asubuhi nilimwacha kwa muda wa karibu saa mbili. Mbu wa korongoni walikuwa wanamshughulikia. Nilimwona anatikisa sikio kama mbuzi lakini mikono haitoki mapajani, maana juu ya mti mkono unaonekana kuliko kitu kingine. Nikavuta kamba. Gunia likatokea. Akainuka polepole, vizuri, akaanza kuvuta, na nikaona kidole cha kati kinaishia hewani, mbele ya uso. Kila siku huishia pembeni mwa mdomo. Hakufika. Akaachia hapohapo. Mshale ukachoma chini ya kifua cha godoro.

“Moyo, mjomba,” akaniambia toka juu.

Safari hii nilimkubalia nusu. Kuachia kabla ya kufika mwisho ni ugonjwa wa wapiga upinde wengi, na hofu inauchochea. Lakini mwili uliokaa umeganda kwa saa mbili mgongo wake umesinyaa, na mgongo ndio unaovuta. Upinde kama wake hupoteza paundi 2 hadi 3 kwa kila inchi isiyovutwa. Ukivuta pungufu, unapiga kwa upinde mwingine dhaifu zaidi ambao hujawahi kuufanyia mazoezi. Tiba ikawa na pande mbili. Ya mwili: akiwa ameketi, kila baada ya muda akaze misuli ya mgongo na mabega bila kuonekana, ashike ugwe auvute kidogo na kuurudisha. Ya akili: kidole kikigusa mdomo aseme kimoyomoyo “moja” kabla ya kuachia, asipogusa, asiachie, arudishe.

Hilo la kurudisha ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nilimwona anavuta, gunia linaingia nyuma ya jani la mnazi, na vidole vinafunguka tu vyenyewe. Alikuwa amepiga maelfu ya mishale maishani mwake na karibu kila alipovuta aliachia. Hakuwahi kufanya mazoezi ya kutopiga. Kuanzia hapo nikawa nalitoa gunia kwa makusudi likiwa limemkabili kwa mbele, au limefunikwa nusu, au mbali mno, na alama ilitolewa kwa kushusha upinde.

Ugwe unasikika

Jaribio la mwisho nililitaka mimi, kwa udadisi wa saa yangu ya kuhesabu sekunde. Sauti hukimbia mita 340 na ushei kwa sekunde, mshale wake 50. Kwa mita 18 mlio wa ugwe unamfikia kulungu katika sekunde 0.05, mshale katika 0.36. Mnyama ana sekunde 0.3 za kufanya anachotaka, na anachofanya kulungu aliyeshtuka ni kuinama chini ili akusanye nguvu za kuruka. Hakwepi mshale, anajiandaa kukimbia, na katika kujiandaa mgongo wake unateremka.

Tulilitundika gunia kwa kamba iliyopita juu ya tawi, nikashika mwisho wake nikiwa nimesimama nyuma ya mpigaji. Nikisikia ugwe, naachia. Kwa mita 18 mshale uligonga juu ya alipolenga kwa zaidi ya upana wa kiganja, mara kwa mara, ingawa mwenye kamba alikuwa mjomba mwenye mvi na kamba ilikwaruza tawi. Kwa mita 12 tofauti haikuonekana; mshale ulifika kabla gunia halijaanza kuanguka vizuri. Hatukubadilisha kitu kingine chochote isipokuwa zile mita 6.

Mpaka

Mazungumzo ya mpaka yalifanyika barazani kwa dada yangu, na hayakuwa mafupi. Mimi nilisema mita 15. Yeye akaona ninamdhalilisha. “Mita 15 mjomba, si ni kumshika mkono kabisa?” Akanitajia Saxton Pope na Art Young, Wamarekani wanaoheshimiwa na watu wa upinde wa jadi, ambao mwaka 1925 walikuja hapahapa Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Pope aliujifunza upinde kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi aliyejitokeza California mwaka 1911. Ni habari nzuri, lakini nilimkumbusha kwamba hao mabwana walipowakabili simba walikuwa na bunduki kando yao. Akahamia kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Nikamwambia Mhadzabe anayewinda mnyama mkubwa hupaka chembe sumu, na Wisconsin sumu hairuhusiwi. Mshale wa mpwa wangu unaua kwa makali tu, mahali sahihi tu. Isitoshe Mhadzabe amekua na upinde mkononi tangu utotoni, na hajawahi kuhesabu minazi.

Msimamo wangu katika kisa hiki ni kwamba mpwa wangu hakuwa mpigaji mbaya hata siku moja. Alikuwa na mazoezi yaliyompima kitu kimoja, uwezo wa kurudia mshale kwa umbali anaoujua, na akayachukua majibu yake kama ruhusa ya kupiga kwa umbali asioujua. Mazoezi yanayofanana na msitu hayakumwongezea shabaha. Kisahani chake cha chai kilibaki kilekile. Yalimwonesha ni wapi kile kisahani kinakoma kuwa chake, na kwangu hiyo ndiyo kazi ya mazoezi ya kabla ya msimu. Mtu akitoka humo na mpaka mrefu kuliko alioingia nao, mimi ningekagua tepu yake.

Yapo ambayo Tanga haikuweza kumpa. Baridi, bila shaka. Koti si baridi. Mwanga wa machweo pia. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, jua likizama una dakika 20 hivi kisha ni usiku. Wisconsin Septemba mwanga huo hudumu karibu nusu saa, na ni katika nusu saa hiyo, na ile ya alfajiri, kulungu hutembea zaidi. Zoezi la giza jepesi ataliendesha mwenyewe kule. Na chembe zenye makali, ambazo sheria ya Wisconsin inataka ziwe na upana usiopungua inchi 7/8, milimita 22 hivi. Chembe pana hushika hewa mbele ya mshale na kuanika kila kasoro ya mkono wa kuachia, kwa hiyo mishale iliyojazana kwenye kisahani kwa ncha butu inaweza kutawanyika kwa chembe. Hilo alifanye wiki yake ya kwanza akirudi, kabla ya kitu kingine.

Tulimalizia hivi: mpaka ni mita 15 kwa mnyama aliyetulia, akiwa ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali na mpigaji. Akimaliza wiki nzima akitaja umbali msituni bila kosa la zaidi ya mita 2, arudishiwe 18, kwa sababu kosa la mita 2 kwa 18 humshushia mshale sentimita 8 na bado yumo ndani ya duara. Mita 27 haikujadiliwa tena. Vijiti vya uani amekubali kuving'oa, ila kile cha yadi 30 anasema atakibakiza kwa ajili ya wageni.